Alishiba Ugali, Moyo Ukabaki na Njaa



"Umekosa nini katika nyumba hii?" Swali hili huulizwa katika nyumba nyingi za Wakristo. Mume anarudi kutoka kazini jioni na kumkuta mkewe amelala tangu asubuhi. Madirisha yamefungwa, mtoto analia, vyombo havijaoshwa. Si mara ya kwanza. Huu ni mwezi wa pili sasa. Mume anatazama huku na huku. Unga upo, karo imelipwa, kodi ya nyumba haidaiwi, na yeye mwenyewe hanywi pombe wala halali nje. Basi anauliza kwa hasira, "Mama watoto, umekosa nini?" Mke hana jibu. Anageukia ukutani.

Yawezekana kwamba mke huyo alilisikia swali hilo hilo akiwa na miaka saba, kutoka kwa wazazi wake. Alipokuwa akilia aliambiwa, "Unalia nini? Umelala njaa?" Kwa kuwa hakuwa amelala njaa, alijifunza kwamba hana haki ya kulia. Akanyamaza. Leo ni mtu mzima, ni mke na mama, na bado hajui kusema anachokikosa.

Ninawaomba, wapenzi wanandoa, tulichukue swali hilo na kulijibu kwa utulivu. Mara nyingi huulizwa kama lawama, lakini likiulizwa kwa upendo laweza kuwa mwanzo wa uponyaji.

NJAA ISIYOONEKANA

Tunajua kumtambua mtoto aliyepigwa, kwa sababu ana alama mwilini. Tunajua kumtambua mtoto aliyenyimwa chakula, kwa sababu amekonda. Lakini yuko mtoto ambaye hakupigwa wala hakulala njaa, ila hapana mtu aliyemwuliza siku yake ilikuwaje. Aliposhika namba mbili darasani, aliulizwa kwa nini hakushika namba moja. Alipofiwa na nyanya aliyemlea, aliambiwa awe mwanamume. Alipelekwa shule ya bweni angali mdogo, na siku ya wazazi alitazama langoni mpaka jioni. Hilo ndilo tunaloliita kunyimwa malezi ya moyo. Jambo lililomuumiza mtoto huyu ni lile ambalo halikufanyika, na ndiyo maana ni vigumu hata kwake mwenyewe kulieleza.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1954 na 1955 mtaalamu mmoja wa saikolojia, Mary Ainsworth, alikaa karibu na Kampala, hapa jirani Uganda, akawa anawatembelea akina mama 26 wa Kiganda nyumbani kwao na kuangalia jinsi walivyoishi na watoto wao wachanga. Mwaka 1967 alitoa kitabu kuhusu aliyoyaona. Aliona kwamba mtoto mwenye utulivu humtumia mama yake kama kituo cha usalama: hutambaa kwenda kuchungulia vitu, kisha hurudi kwa mama, halafu huenda tena. Aliona pia kwamba watoto wenye utulivu walikuwa hasa wale ambao mama zao waliweza kumweleza habari nyingi ndogo ndogo kuhusu mtoto: anapenda nini, anaogopa nini, hulia vipi akiwa na usingizi. Mama wa namna hiyo alimwona mtoto wake, na kuonwa hivyo hakuhitaji nyumba ya mawe wala mshahara mkubwa.

Maandiko Matakatifu nayo yanalijua jambo hili. Nabii Samweli alipofika Bethlehemu kumpaka mafuta mfalme mpya, Yese aliwaleta wanawe saba mbele yake. Daudi aliachwa malishoni na kondoo. Hata nabii alipouliza kama wana wote wamekwisha, alitajwa kama mdogo tu aliyebaki (1 Samweli 16). Mungu alimwona aliyesahauliwa na baba yake. Tena, Bwana wetu Yesu Kristo alipobatizwa, Baba alimtangaza kuwa Mwana mpendwa anayempendeza (Marko 1). Angalia ni wakati gani. Yesu alikuwa bado hajahubiri wala kuponya mgonjwa hata mmoja. Upendo wa Baba ulitangulia kazi. Watoto wetu wengi huusikia upendo baada ya matokeo ya mtihani, na wengine hawausikii kabisa.

JERAHA LINAPOINGIA KATIKA NDOA

Mtoto huyo hukua. Huwa hodari kazini, hukomunika, huchaguliwa katibu wa jumuiya. Kisha anafunga ndoa, na ndipo lile lililofichika linapojitokeza, kwa kuwa ndoa humfikia mtu mahali ambapo kazi na marafiki hawafiki.

Mume aliyefundishwa kwamba mwanamume halii, huondoka nyumbani mkewe anapoanza kulia. Si kwamba hampendi. Hajui la kufanya na machozi. Mke ambaye hakuwahi kusifiwa hudhani kila neno la mumewe ni kemeo, hata akiambiwa tu kwamba chumvi imezidi kidogo. Mwingine haombi msaada kamwe, halafu hukasirika kwa kuwa hakusaidiwa. Mwingine humganda mwenzake na kumtilia shaka kila anapochelewa, kwa sababu tangu utotoni aliowahitaji walikuwa hawapo.

Papa Fransisko aliyaandika mambo haya katika waraka wake juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia, wa mwaka 2016. Katika namba 240 anasema kwamba wengi hutoka utotoni bila kuwahi kuonja upendo usio na masharti, kwamba hali hiyo huwadhuru katika kuwaamini wengine, na kwamba uhusiano mbaya na wazazi usipoponywa hurudi na kuiumiza ndoa. Mtakatifu Yohane Paulo II naye, katika Familiaris Consortio ya mwaka 1981, namba 25, alionya juu ya madhara yanayowapata watoto baba asipokuwapo, na vile vile baba anapokuwapo kwa ukali wa kukandamiza. Kanisa basi halitucheki tunapoyasema haya. Limekwisha kuyasema.

UGONJWA SI DHAMBI

Wakati mwingine mambo hufika mbali zaidi, na mtu huugua. Anakosa usingizi au analala mchana kutwa. Chakula hakina ladha. Hafurahii hata alichokipenda. Anajiona mzigo, anajilaumu kwa makosa yasiyo yake, hawezi kukata shauri hata katika jambo dogo. Hali hii ikiendelea majuma mawili au zaidi, yafaa kumwona mganga wa hospitali, kwa kuwa yaweza kuwa ugonjwa wa huzuni nzito, ambao siku hizi huitwa sonona. Wengine hushikwa na hofu isiyo na sababu, moyo ukaenda mbio na pumzi ikakatika. Wengine husikia sauti ambazo wenzao hawazisikii.

Hapa tuseme ukweli wote. Si kila aliyekosa malezi ya moyo huugua, wala si kila mgonjwa alikosa malezi hayo. Ugonjwa wa akili una visababishi vingi: urithi wa ukoo, hitilafu katika mwili, kujifungua, msiba, vita, pombe na bangi. Kwa hiyo tusikimbilie kuwalaumu wazazi wa mgonjwa. Lakini utoto uliokosa faraja huacha ufa, na mvua kubwa ikija, maji hupitia penye ufa.

Tena ugonjwa huu si alama ya imani ndogo. Nabii Eliya alikuwa ametoka kushinda manabii wa Baali, kisha akaenda jangwani, akaketi chini ya mti akaomba afe (1 Wafalme 19). Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula. Ni baada ya kula, kulala na kutembea siku nyingi ndipo Mungu alipozungumza naye, na hata hapo alizungumza kwa upole. Sisi mara nyingi tunaanza na mahubiri na kusahau mkate.

Methali inasema, mficha ugonjwa kifo humuumbua. Familia nyingi huficha ugonjwa wa akili kwa kuogopa wataambiwa ukoo umerogwa, au binti zao hawataolewa. Wanamzungusha mgonjwa kutoka mwombezi mmoja hadi mwingine, na dawa inaachwa. Sala ni njema, na padre anaweza pia kuombwa Mpako wa Wagonjwa kwa mtu aliyeelemewa na ugonjwa mzito. Lakini Mungu yule yule tunayemwomba ndiye aliyempa daktari akili na elimu.

WATAKATIFU WALIOYAPITIA

Tunao mfano wa wanandoa wenzetu. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie Martin wa Ufaransa kuwa watakatifu, mume na mke wa kwanza kutangazwa pamoja. Hao ndio wazazi wa Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu.

Zélie alizaliwa mwaka 1831. Hakukosa chakula wala sala nyumbani kwao, lakini mama yake alikuwa mkali na hakujua kumbembeleza. Zélie alipokwisha kuwa mtu mzima alimwandikia ndugu yake barua akieleza jinsi utoto wake ulivyojaa huzuni, na kwamba yeye hakuwahi kupewa hata mwanasesere mdogo. Hakumtukana mama yake, wala hakusema uongo kwamba mambo yalikuwa mazuri. Alisema ukweli, akauweka mikononi mwa mtu aliyempenda.

Mwaka 1858 aliolewa na Louis, fundi wa saa, mtu mpole. Walijaliwa watoto 9, na 4 kati yao walifariki wadogo. Zélie alifanya kazi ya kufuma lesi mpaka usiku, akiwa na hofu na majonzi mengi, lakini nyumba yao ilikuwa na vicheko, na watoto walipendwa waziwazi. Alichokikosa hakukubali wanawe wakikose.

Hata hivyo hakuona yote. Binti yao Léonie alikuwa mgumu, shule zilimshinda, na mama yake alihangaika bila kuelewa. Mwaka 1877 iligunduliwa kwamba mtumishi wa nyumbani alikuwa akimtawala mtoto huyo kwa vitisho kwa siri. Zélie, aliyekuwa tayari mgonjwa wa saratani, alimkomboa mikononi mwa mtumishi huyo, akamweka karibu naye miezi michache iliyokuwa imembakia kabla ya kufa mwezi wa Agosti. Moyo wa mtoto ulianza kufunguka. Léonie alikuja kuwa mtawa, na mwaka 2015 mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa. Wazazi, mnasikia? Miezi michache ya kuonwa na kusikilizwa si kitu kidogo kwa mtoto.

Naye Louis, katika uzee wake, aliugua akili. Mwaka 1889 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, akakaa humo miaka mitatu na zaidi. Watu walinong'ona. Wengine walisema binti zake walimvunja moyo kwa kuingia utawa. Mwaka 1892 alirudishwa nyumbani, na binti zake wakamtunza hadi alipofariki mwaka 1894. Leo Kanisa humwomba atuombee. Basi mtu asikwambie kwamba aliyelazwa Mathari amepotea mbele za Mungu.

NJIA YA KUPONA

Kupona kunawezekana, lakini kunakwenda kwa mwendo wa mguu, si wa ndege. Haya ndiyo ninayowashauri.

Kwanza, nendeni hospitali, na mwende wawili. Anzieni kituo cha afya kilicho karibu, mwombe kuelekezwa penye huduma ya afya ya akili. Hospitali nyingi za kaunti zina kliniki hiyo. Dawa za sonona kwa kawaida huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu, kwa hiyo msizitupe baada ya siku tano. Na mtu akipata nafuu asiziache bila kumwuliza daktari. Mbali na dawa, kuna mazungumzo na mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo. Mbele yake mgonjwa anaweza kusema yale ambayo utotoni hakuna aliyeyasikia.

Pili, mpe jeraha jina. Mwambie mwenzako, "Nikinyamaziwa ninaogopa, kwa sababu nyumbani kwetu kunyamaziwa kulikuwa adhabu." Sentensi moja ya namna hiyo yaweza kuzuia ugomvi wa juma zima. Nawe unayeambiwa, usijibu, "Hata mimi niliteseka." Zamu yako itafika. Sikiliza kwanza.

Tatu, anzeni na mambo madogo ya kila siku. Kila jioni tengeni dakika kumi, redio na simu zikiwa kando, kila mmoja aulize, "Leo moyo wako uko wapi?" Mume amshukuru mkewe kwa jambo moja analolitaja, na mke vivyo hivyo. Aliyekulia katika nyumba isiyo na maneno hayo ataona haya mwanzoni. Hata anayejifunza kusali rozari hukosea mafumbo mwanzoni.

Nne, mwenzi asijifanye daktari wala mama wa mwenzake. Huwezi kurudi nyuma ukamlea upya mkeo au mumeo. Kazi yako ni kuwapo, kumkumbusha dawa, kumsindikiza kliniki, kupunguza lawama. Ulipofunga ndoa uliahidi upendo na uaminifu katika afya na katika ugonjwa, na akili nayo ni sehemu ya afya. Lakini nawe unachoka. Tafuta ndugu wa kukushika mkono, zungumza na paroko au na wanandoa wakomavu katika Jumuiya Ndogo ya Kikristo. Na kama ugonjwa umekuja na kipigo au hatari kwa watoto, nendeni mahali pa usalama kwanza. Kujilinda si kuvunja ahadi.

Tano, mtu akisema afadhali afe, msimchukulie kama anayetania. Mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Msimwache peke yake, ondoeni dawa za shambani na vitu vya hatari, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msiogope polisi. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinapingana na Katiba. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2282, inafundisha kwamba usumbufu mkubwa wa akili hupunguza uwajibikaji wa mtu. Mtu huyo anahitaji kutunzwa.

KUHUSU WAZAZI WETU

Msomaji anaweza kuuliza: Je, kusema kwamba nilikosa malezi si kuvunja amri ya nne? Hapana. Kumheshimu mzazi si kusema uongo juu yake. Wazazi wetu wengi walilelewa vivyo hivyo; wengine walipitia ukame, kufukuzwa mashambani, baba kwenda kutafuta kazi mjini miaka na miaka. Walitupa walichokuwa nacho. Aliyeonyesha upendo kwa gunia la mahindi na karo, upendo wake ulikuwa kweli, ingawa haukutosha. Tunaweza kuyashika yote mawili: shukrani kwa tulichopewa, na machozi kwa tulichokikosa.

Msamaha nao hauji kwa amri. Aliyeumizwa asihimizwe kusamehe haraka ili sisi wengine tustarehe. Aulete uchungu wake mbele ya Yesu katika Ekaristi kama ulivyo. Nabii Isaya, katika sura ya 49, anatuambia kwamba hata mama akimsahau mtoto wake wa kunyonya, Mungu hatusahau. Neno hili linakubali kwamba mama anaweza kusahau. Mungu hashangazwi na historia yetu.

Na tuwatazame watoto wetu. Mtume Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hata wakakata tamaa (Wakolosai 3). Leo jioni mtoto akilia, usimwulize kama amelala njaa. Inama, mtazame, mwulize ni nini. Huenda ukajikuta unamfariji pia mtoto aliyenyamazishwa ndani yako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA WAWILI

1. Nilipokuwa mtoto, nikiumia nilimwendea nani? Alinijibu vipi?
2. Ni jambo gani dogo ulifanyalo linalonifanya nijisikie nimeonwa? Ni lipi linalonirudisha katika uchungu wa zamani?
3. Je, mmoja wetu anahitaji msaada wa daktari au mshauri? Nani atamsindikiza, na siku gani?

Tusali: Ee Mungu Baba, uliyemwita Daudi kutoka malishoni, uwatazame waume na wake waliosahauliwa wakiwa watoto. Uwajalie wapate katika ndoa yao sikio linalosikia na mkono usiochoka. Uwaponye wagonjwa wa akili, uwatie nguvu wanaowatunza. Kwa maombezi ya Watakatifu Louis na Zélie, tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.